Gololi za Risasi Dhidi ya Sauti Nzito

Gololi ya risasi yenye kipenyo cha sentimita 1 ina uzito wa gramu 6 hivi. Ukiivika koti la mpira laini wa silikoni, unene wa milimita 2.5 kila upande, unapata tufe dogo la sentimita 1.5 ambalo moyo wake ni mzito na ngozi yake inabonyea. Mwaka 2000 Zhengyou Liu, Ping Sheng na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong walieleza katika jarida la Science kazi waliyoifanya kwa gololi za namna hiyo. Walizipanga nane kwa nane kwa nane, jumla 512, wakazishikamanisha kwa gundi ngumu ya epoksi. Kutoka kitovu cha gololi moja hadi kitovu cha jirani yake ni sentimita 1.55. Piga hesabu uone ufundi wenyewe: kati ya koti na koti imebaki nusu milimita tu ya gundi. Kilichopatikana ni mchemraba wa sentimita 12 na kidogo kila upande, wenye kilo 3 hivi za risasi ndani yake, unaoweza kubebwa kwapani. Wakaupigia sauti. Ilipofika karibu na hezi 400, yaani mitetemo 400 kwa sekunde, sauti iliyoingia humo ilifia ndani.

Hadi leo sijachoka kuustaajabia mchemraba ule. Sauti ya hezi 400 ina wimbi lenye urefu wa sentimita 85 hewani, na ndani ya epoksi, ambamo sauti hukimbia zaidi, wimbi hilo hurefuka hadi mita kadhaa. Kwa kawaida wimbi kubwa halijali kitu kidogo. Hukipita kana kwamba hakipo. Kitufe cha sentimita moja na nusu mbele ya wimbi la mita kadhaa hakikupaswa kuhesabiwa. Lakini kilihesabiwa, na namna kilivyohesabiwa ndiyo iliyozaa fani nzima ya vitu viitwavyo metamateria za sauti: vitu ambavyo tabia yake haitokani sana na vilichoundwa nacho, bali na jinsi fundi alivyovipanga ndani.

Tuanze na adui. Aliyewahi kupanga chumba jirani na baa anamjua. Maneno ya wimbo hayamfikii, gitaa linasikika kwa mbali, lakini besi inamfuata hadi kitandani na vioo vya dirisha vinaitikia. Si kwamba ukuta unaipendelea besi. Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake, na uzito una bei yake. Wainjinia wanajua kwa zaidi ya karne sasa kwamba ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata nafuu ya desibeli 6 tu, na kwamba kila mitetemo ya sauti ikipungua kwa nusu, ukuta uleule unapoteza desibeli 6 hizohizo. Kutoka hezi 800 kushuka hadi hezi 100 ni kupunguza kwa nusu mara tatu, sawa na desibeli 18. Ukitaka kuzirudisha kwa tofali na zege, jenga ukuta mzito mara nane. Msingi wa nyumba hautakubali, na mfuko ndio kabisa.

Sponji nazo, zile zinazobandikwa kwenye studio za redio, huanza kufanya kazi vizuri unene wake unapokaribia robo ya wimbi. Wimbi la hezi 100 lina mita 3.4, robo yake ni sentimita 85. Hakuna mwenye nyumba atakayekubali kumegewa sentimita 85 kila upande wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi vilivyobandikwa sponji nyembamba vinameza miluzi na makofi, halafu vinaiacha besi ijitawalie.

Kabla ya Hong Kong kulikuwa na Madrid. Katika taasisi ya Juan March kuna sanamu ya msanii Eusebio Sempere iliyotengenezwa kwa mirija ya chuma cha pua iliyosimamishwa wima kwa safu, mmoja kila baada ya sentimita 10. Mwaka 1995 watafiti wa Kihispania walichapisha vipimo vyao katika jarida la Nature: sauti ya karibu hezi 1,670 ilikuwa inapungua ikipita katikati ya mirija ile. Sempere mwenyewe alikuwa ameshafariki miaka kumi nyuma. Siri iko kwenye nafasi: kila safu ya mirija inarudisha sehemu ndogo ya sauti, na nafasi kati ya safu na safu ikiwa sawa na nusu ya wimbi, sehemu hizo ndogo zinarudi pamoja kwa hatua moja na kuwa kubwa. Njia hiyo ni nzuri kwa sauti kali. Kwa hezi 100 utalazimika kuachanisha mirija kwa mita 1.7, tena safu baada ya safu. Hilo ni shamba, si ukuta.

Gololi za Hong Kong hazikutegemea nafasi. Ili kuelewa zilitegemea nini, tafuta kufuli na ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Funga kufuli kwenye ncha moja, shika ncha nyingine, liache lining'inie. Pandisha na ushushe mkono polepole: kufuli linafuata mkono kwa utii. Ongeza kasi kidogo kidogo. Itafika mahali kufuli linarukaruka kwa fujo kuliko mkono wenyewe. Hapo umegusa mtetemo wake wa asili, ule ambao uzito wa kufuli na ulaini wa mpira vimeupanga wenyewe. Sasa pavuke hapo, zidisha kasi kidogo tu. Mkono ukipanda, kufuli linashuka. Mkono ukishuka, kufuli linapanda. Na kiganja kinahisi ubishi: kila unakoelekea, mpira unakuvuta kurudi ulikotoka.

Ndani ya mchemraba, gundi ya epoksi ndiyo mkono, koti la silikoni ndilo mpira, na risasi ndiyo kufuli. Sauti inapoitikisa gundi kwa kasi iliyo juu kidogo ya mtetemo wa asili wa gololi, gololi zote 512 zinakwenda kinyume na gundi. Wanafizikia husema kwamba katika ukanda huo mdogo wa mitetemo, uzito wa kitu unakuwa hasi: unakisukuma mbele, nacho kinaitika kwa kurudi nyuma. Hakuna uchawi. Ukiuweka mchemraba kwenye mizani, kilo zake zipo palepale. Ila kwa sauti yenye kasi hiyo, kitu kinachoitika kinyume kila kinaposukumwa hakina njia ya kupitishia wimbi. Wimbi linaingia safu chache, linakonda, linakwisha.

Sasa itazame upya gololi ile uone kila kitu kimechaguliwa kwa nini. Risasi, kwa sababu ni nzito kuliko chuma na bado inapatikana kirahisi. Silikoni, kwa sababu ni laini mno. Koti lingekuwa gumu kidogo tu, mtetemo wa asili ungepanda na besi ingeponyoka. Epoksi, kwa sababu kitu kizima lazima kibaki kigumu kwa nje, kiweze kukatwa, kubandikwa, hata kubeba mzigo. Vitu vitatu ambavyo kila duka la vifaa linavijua au linajua ndugu zao, na kilichobaki ni vipimo vya milimita na nusu milimita. Hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Kisha wakafanya jambo lililonikosha zaidi. Walichukua gololi za aina ileile wakazichanganya ovyo ndani ya bamba la epoksi lenye unene wa sentimita 2 na kidogo, bila safu wala mstari. Bamba lile nalo liliizuia sauti kuliko uzito wake ulivyopaswa kuruhusu. Madrid bila safu zake haina kitu. Hapa kila gololi inafanya kazi yake peke yake, haimtazami jirani, na jumla inatoka sawasawa.

Wazo la kutuliza mtetemo kwa kizito kinachochezacheza si geni. Mjerumani Hermann Frahm aliliombea hataza mwaka 1909. Miaka ya 1920 injinia George Stockbridge, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya umeme ya California, alilipeleka kwenye nyaya. Ukipita kando ya njia ya umeme wa msongo mkubwa, popote duniani, angalia waya karibu na pale unaposhikwa na mnara: mara nyingi utaona kipande kifupi cha waya kimening'inia chini yake, kina vyuma viwili kama ngumi kwenye ncha zake. Watu wengi hudhani ni sehemu ya viunganishi vya umeme. Kumbe kazi yake ni kucheza ili kuutuliza waya unaotetemeshwa na upepo. Na upepo wenyewe si dhoruba. Ni ule mwanana, usiokoma, ambao ukipita kwenye waya huacha vizingia vidogo nyuma yake na kuutetemesha mara nyingi kwa sekunde, mchana na usiku, mpaka nyuzi zake zinachoka na kuanza kukatika kwenye kishikio. Ndani ya jengo la Taipei 101, huko Taiwan, kuna ndugu mkubwa wa vyuma vile: tufe la chuma la tani 660, limening'inizwa kwa nyaya kati ya ghorofa ya 92 na ya 87 ili kupunguza kuyumba kwa jengo wakati wa kimbunga.

Tofauti ni kwamba Frahm, Stockbridge na wajenzi wa Taipei walitundika kizito kimoja au viwili kwenye kitu ambacho tayari kipo. Hong Kong walikipanda kizito ndani ya kitu chenyewe, mamia kwa mamia, kidogo kuliko wimbi linalopigwa vita, hadi ikawa huwezi tena kusema hapa pana ukuta na hapa pana kifaa.

Gololi zilikuwa na kasoro moja ya wazi: kilo. Anayepambana na kelele ndani ya gari, ndege au chumba cha ghorofani hataki kusikia habari za risasi. Mwaka 2008 sehemu ya kikundi kilekile, wakiwamo Zhiyu Yang, Jun Mei na Ping Sheng, walichapisha kitu chepesi kuliko matarajio ya mtu yeyote. Walitupa risasi, wakatupa epoksi. Wakabaki na utando mwembamba wa mpira uliowambwa kwenye fremu ngumu, na kisahani kidogo kilichobandikwa katikati ya utando. Basi.

Msomaji wa Pwani atakuwa ameshakitambua: ni ngoma. Na kila anayejua ngoma anajua kwamba kuwamba ndiko kazi. Ngozi ikilegea, ngoma inavimba sauti. Ikikazwa, inalia juu. Unyevu ukiingia, wapigaji wanawasha moto wa makuti na kuipasha hadi irudi. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Katika maabara hiyo ni kosa la jinai, kwa sababu utando ukivutwa upande mmoja zaidi ya mwingine, kisahani kinaanza kuyumba mshazari na hesabu yote inaharibika. Hata kile kisahani cha katikati kina babu yake. Tabla, inayopigwa katika taarabu ya Mombasa yenye ladha ya Kihindi, ina duara jeusi la uji mkavu uliosuguliwa juu ya ngozi yake tabaka kwa tabaka. Mwaka 1920 C. V. Raman, ambaye miaka kumi baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, aliandika pamoja na mwenzake katika Nature kwamba uzito ule mdogo ndio unaozipanga sauti za ngoma ya aina hiyo zikubaliane kama za ala ya nyuzi. Uzito kidogo mahali pake unaibadilisha ngozi nzima.

Ila nia zao ni kinyume. Mwamba ngoma anataka ngozi isukume hewa. Watu wa Hong Kong walitaka utando utikisike bila kusukuma hewa.

Walifanikiwaje? Sauti nzito sana ikiufikia utando, kisahani na mpira unaokizunguka vinakwenda pamoja, mbele na nyuma; hewa ya upande wa pili inasukumwa na sauti inapita. Sauti ya juu zaidi ikija, kisahani kinakaa karibu kimya kwa uzito wake, lakini mpira unaokizunguka unacheza. Hewa inasukumwa, sauti inapita tena. Katikati ya hali hizo mbili kuna mahali ambapo kisahani kinakwenda huku na mpira unaokizunguka unakwenda kule, kwa vipimo vinavyotoshana. Hewa inayosukumwa na kimoja inavutwa na kingine papo hapo. Sogea kidogo mbele ya utando: hewa haina habari kwamba kuna kitu kimetikisika. Kwa sauti hiyo moja, kipande cha mpira kinachoweza kutobolewa kwa kalamu kinasimama kama ukuta mzito, na sauti inarudi ilikotoka. Na ukibadilisha uzito wa kisahani, mahali hapo panahama. Kizito zaidi, sauti inayozuiwa inashuka. Chepesi zaidi, inapanda. Mwaka 2010 walionyesha kwamba paneli kadhaa za namna hiyo, kila moja ikilengwa kwenye sauti yake, zikipangwa tabaka zinapunguza sauti kwa wastani wa zaidi ya desibeli 40 kuanzia hezi 50 hadi 1,000.

Kurudisha sauti, hata hivyo, si kuimeza. Ndani ya chumba chenye jenereta, sauti iliyorudishwa inabaki humohumo ikizunguka. Kwa hiyo mwaka 2012 walirudi na utando mwingine, wa unene wa milimita 0.2, safari hii wakibandika visahani vya chuma vyenye umbo la nusu duara vikitazamana, si kimoja cha katikati. Sauti yenye mtetemo unaolingana na ule wa visahani ikigonga, vinapigapiga mbawa. Kando ya kila kisahani, pale chuma kinapokwisha na mpira kuanza, utando unakunjwa kwa nguvu mara mia na zaidi kwa sekunde, na nguvu ya sauti inageuka joto dogo lisiloweza hata kuhisiwa kwa kidole. Karibu na hezi 170, tabaka moja lilimeza asilimia 86 ya sauti. Kwa tabaka mbili walifika asilimia 99 kwenye sauti za chini kabisa walizozilenga. Wimbi la hezi 170 lina urefu wa mita 2. Utando ni milimita 0.2. Ni tofauti ya mara elfu kumi, na aliyeshinda ni mdogo.

Nisije nikaeleweka kwamba kazi imekwisha. Mpira uliowambwa unalegea kwa miaka, unalegea kwa joto, na ukilegea unalenga sauti nyingine kabisa. Jua la paa la bati likiupiga mchana, ule utando uliowambwa kwa uangalifu asubuhi si ule wa saa nane. Ndiyo sababu wengine wameachana na utando na kutumia vijiti vidogo vya plastiki au chuma vilivyoshikwa upande mmoja, vyenye uzito nchani, vikibandikwa kwa makumi kwenye bati jembamba la gari au mashine. Huko Leuven, Ubelgiji, wainjinia wa chuo kikuu wamefanya kazi hiyo kwa miaka, na wanajua uchungu wake. Mtetemo wa kijiti kama hicho unategemea sana unene wake. Kijiti cha milimita 1 kikitoka kwenye mashine kikiwa na milimita 0.9, mtetemo wake wa asili unashuka kwa karibu asilimia 15, na ukanda mzima unaozuiwa wenyewe unaweza usifikie upana wa asilimia hizo. Fundi anayepima kwa rula hawezi kazi hii. Cha ajabu ni kwamba kasoro kidogo inasaidia: vijiti vikitofautiana kidogo tu, ukanda unaozuiwa unapanuka, ingawa kina cha uzuiaji kinapungua. Kiasi gani cha kasoro kinafaa, hilo ni jambo la mkono na subira.

Upana wa ukanda ndio kidonda cha fani hii. Gololi inazuia vizuri karibu na sauti yake na kwingineko ni gololi tu. Ukitaka ukanda mpana, uzito wa ndani lazima uwe mkubwa ukilinganisha na wa nje, na hapo tumeanza kurudi kwenye kilo tulizozikimbia. Mwaka 2017 Ping Sheng na wenzake waliweka mpaka wenyewe kwa hesabu: kwa kila kipande cha sauti unachotaka kukimeza, kuna unene wa chini ambao hakuna mbunifu atakayeushinda, na sauti nzito ndizo zinazoutafuna unene huo. Nawapenda kwa hilo. Watu walioanzisha njia ndio waliosema wapi inaishia. Akikujia mtu anauza karatasi nyembamba ya kumeza besi yote kutoka mwanzo hadi mwisho, muulize unene, halafu muage kwa heshima.

Kampuni ya magari ya Nissan ilionyesha mwanzoni mwa 2020, kwenye maonyesho ya Las Vegas, paneli yake yenye fremu za vichumba na ngozi ya plastiki juu yake, ikisema ina robo ya uzito wa vizuia sauti vya kawaida. Masafa waliyotaja ni hezi 500 hadi 1,200, yaani mngurumo wa barabara na injini wa katikati. Wauzaji nao wanaikwepa besi ya chini.

Huku nyuma, miti inaifanya kazi hii bila hataza. Huko Ufaransa watafiti walipima mawimbi yanayotambaa juu ya udongo ndani ya msitu na karibu nao. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016: chini ya hezi 150, kulikuwa na kanda mbili pana ambamo mawimbi yalidhoofu sana yalipoingia chini ya miti. Kila mti ni kijiti kilichoshikwa upande mmoja, una mtetemo wake, na shina linapocheza linaibishia ardhi iliyolishika. Miti haikupandwa kwa vipimo vya milimita. Tunarudi kwenye lile bamba la gololi zilizomwagwa ovyo.

Sasa sisi. Chombo kinachozuia sauti moja vizuri na nyingine vibaya hakimfai jirani wa baa, kwa sababu besi ya muziki inahama kila wimbo. Lakini Afrika Mashariki imejaa mashine zenye sauti moja isiyohama. Umeme wetu ni wa hezi 50. Kiini cha chuma cha transfoma hurefuka na kufupika mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, kwa hiyo transfoma ya mtaani huvuma kwa hezi 100, na sauti nyingine juu yake katika 200 na 300, Mwanza sawa na Mombasa, leo sawa na mwaka ujao. Jenereta nyingi za dizeli za ukubwa wa kati zinazunguka mara 1,500 kwa dakika. Zenye silinda nne na injini ya mipigo minne hulipuka mara 50 kwa sekunde, na hiyo ndiyo ngurumo inayowatesa walio karibu na hospitali, hoteli na minara ya simu. Mashine iliyofungwa kwenye sauti moja ndiyo hasa mashine ambayo utando wenye kisahani unaiweza.

Tena vifaa si vya kuagiza ng'ambo. Mpira wa tyubu au wa glovu, fremu ya mbao ngumu au ya paipu iliyokatwa duara, washa za chuma za kubandika katikati, spika ya kupigia sauti, na simu yenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano anaweza kuifanya kuwa kazi ya muhula: wanafunzi wawambe, wabandike washa moja, wapime, waongeze ya pili, waone mahali panapozuiwa panavyoshuka, waache fremu juani, wapime tena. Vyuo vya ufundi vyenye karakana za mbao na chuma vina kila kinachohitajika kwenda mbali zaidi, hadi paneli ya kuzungushia jenereta. Anzeni na ule mvumo wa hezi 100, maana upo kila mtaa wenye umeme. Mnapokwenda kuurekodi, simameni nje ya uzio wa transfoma.